Mkia wa Barua

Siku ile Mama Herufi alipewa mkaa wa bure, na hakuna kitu kilichowahi kumuuma kama mkaa ule.

Alifika kwa Shangazi saa mbili asubuhi, kikapu mkononi, kama alivyofanya kila Jumatatu. Shangazi hakuwa shangazi yake wa damu. Alikuwa shangazi wa soko zima, muuza mkaa aliyekula chumvi nyingi, mwenye vumbi jeusi hadi kwenye kope, na mdomo wake ulijulikana kuliko mkaa wake. Siku zote huanza na utani: ama Mama Herufi amenenepa kwa sababu mumewe ni diwani, ama amekonda kwa sababu hiyo hiyo. Leo alijaza kikapu kimya kimya, akaongeza vipande viwili juu, akakisukuma mbele.

"Chukua tu, mwanangu. Pesa yako weka."

"Niweke kwa nini, Shangazi?"

"Mimi si muuzaji tena. Nenda kasome ubaoni, wewe unayejua kusoma."

Mama Herufi akacheka kidogo, akingoja utani uishe. Haukuisha, kwa sababu haukuwa utani. Muuza vitunguu wa jirani, ambaye juzi tu alimuuliza hali ya mguu wake, akampa kisogo na kuwaambia vitunguu vyake, "Raha iliyoje kuwa mke wa diwani. Kikapu kinajaa bure!" Wanawake wote wa upande wa mfereji wakawa na kazi ya ghafla ya kupanga bidhaa zilizokwisha kupangwa.

Akabeba kikapu hadi ofisi ya halmashauri. Ubaoni palibandikwa orodha ya watakaopewa vibanda katika soko jipya, lile la zege na mabati lililokuwa limengojewa miaka mitatu. Vibanda arobaini na vitano. Majina thelathini na manne. Alisoma kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu, maana miaka kumi na miwili ya kupanga herufi kwenye chumba cha gazeti ilimfunza kwamba kosa hupenda kujificha kwa msomaji anayekwenda mbele tu. Hapakuwa na jina hata moja la upande wa mfereji. Chini kabisa paliandikwa kuwa majina ni kama yalivyowasilishwa na diwani wa kata, na kwamba vibanda kumi na kimoja vilivyobaki vitagawiwa waombaji wapya katika kikao cha Alhamisi.

"Kawauza," mtu mmoja akasema nyuma yake.

"Hata yeye?" akauliza mwingine.

"Kwani yeye ana tumbo la mawe?"

Mama Herufi hakugeuka. Kikapu kilikuwa kizito, akakihamishia mkono wa pili, akaenda zake nyumbani.

*

Mumewe alikuwa mezani, penseli nyekundu sikioni, akiandika hotuba ya kufungua soko. Watu walimwita Mhariri mpaka leo, ingawa gazeti lake lilikuwa limekufa miaka tisa. Lilikuwa gazeti la kurasa nne tu, la kila Jumamosi, lakini wakati wa mkoloni kurasa hizo nne zilimkosesha usingizi mkuu wa wilaya, na zikamkosesha Mhariri uhuru wake kwa miezi kumi na minne. Bendera ilipobadilika, watu wa kata wakambeba juu juu hadi kwenye kiti cha udiwani. Tangu hapo amekuwa diwani wa kuuliza maswali marefu na kuvaa koti lile lile.

"Sikiliza hapa," akasema bila kuinua macho. "'Ndugu zangu, leo hakuna mfanyabiashara wa kata hii atakayenyeshewa tena.' Unaionaje?"

"Naona ni uongo."

Penseli ikashuka kutoka sikioni yenyewe.

Alipomweleza, Mhariri akakana, akakasirika, akasema katibu wa halmashauri amechezea karatasi, akasema kuna mkono wa mtu. Alitembea chumba kizima, hatua nne kwenda na nne kurudi, akitaja maadui wake kwa mpangilio wa alfabeti. Mama Herufi alimwacha amalize.

"Mswada uko wapi?"

Katika chumba cha gazeti kulikuwa na sheria moja isiyovunjwa: mswada hautupwi hata ukishachapwa. Mhariri aliacha vingi vya zamani, sigara na majivuno vikiwemo, lakini si sheria hiyo. Akatoa boksi chini ya meza, akachambua, akatoa barua ya wafanyabiashara iliyoandikwa na mwandishi wa barua wa sokoni kwa mkono wake wa maua maua. Kurasa mbili. Halmashauri ilitaka maombi yote yawe ukurasa mmoja tu, kwa hiyo diwani alitakiwa kuifupisha na kuipeleka kwa mpiga taipu.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na majina thelathini na manne, safi. Ukurasa wa pili ulianza na kumtakia mheshimiwa diwani afya njema, ukaendelea na afya ya mkewe, watoto wake, na baraza zima. Mstari mwekundu ulipita hapo toka kona hadi kona, mnyoofu, wa mtu mwenye uzoefu. Mama Herufi akapitisha kidole chini ya mstari. Baada ya salamu zote, mwandishi alikuwa ameandika: *Na tena tusiwasahau wenzetu wa upande wa mfereji, waliochelewa kujiandikisha kwa ajili ya mafuriko, ambao ni hawa wafuatao.* Wafuatao walikuwa kumi na mmoja. Wa mwisho alikuwa Shangazi, kwa jina lake kamili alilopewa na baba yake, ambalo hakuna mtu sokoni aliyemwita kwalo.

"Umekata mkia," akasema.

"Mkia hukatwa." Sauti yake ilikuwa imeanza kupungua. "Habari ikizidi nafasi, unakata kutoka chini. Barua za wasomaji, mwisho wake ni salamu tupu. Wewe mwenyewe unajua, tumekata salamu za nchi nzima sisi."

"Mkia huu una watu."

Mhariri akaishika karatasi karibu na macho, kisha mbali, kisha karibu tena. Alipoliona jina la mwisho akakaa kitini, akashika tama. Saa ya ukutani, ambayo nayo ilikuwa mbovu, iliendelea kupiga bila kwenda.

"Zamani hakuna kitu kilichotoka kabla hujakisoma wewe," akasema mwishowe.

"Hii je?"

"Nilikuletea. Ulisema macho yako yamechoka, nisome mwenyewe."

Ni kweli. Mama Herufi alikumbuka hata jioni yenyewe; alikuwa ameinyoosha miguu na kufurahia kwamba siku hizi yeye ni mke wa diwani, hana haja ya kusoma kila kijikaratasi. Hasira aliyokuwa amembebea mumewe toka sokoni ikagawanyika mara mbili, na nusu yake ikabaki kwake.

*

Kesho yake katibu wa halmashauri aliwaweka kwenye benchi la nje saa nzima na robo, kati ya mtu aliyedai kibali cha kinyozi na mwanamke aliyepotelewa na mbuzi. Mpaka jana Mhariri alikuwa akiingia bila kubisha hodi. Mpiga taipu, msichana mnyenyekevu mwenye kitambaa cha njano, aliwapita mara tatu akiwa na mafaili, na kila mara aliwaamkia upya kwa aibu ya kuwaona wamekaa pale.

"Mheshimiwa, orodha imeshapitishwa," katibu akasema walipoingia hatimaye. Alikuwa mtu wa adabu nyingi na haraka nyingi. "Kuifungua upya ni lazima kikao kiambiwe kuna kosa. Na kosa lina mwenyewe."

"Nipo hapa."

"Wewe!" Katibu akafunga mlango. "Mwezi ujao kamati ya uteuzi inakaa kuchagua wagombea. Ukisimama Alhamisi ukasema uliwasilisha karatasi usiyoisoma, nani atakupitisha? Utamwaga unga, mzee wangu, na mimi sitaki kuona hivyo. Kuna njia nyepesi. Sema mpiga taipu aliruka ukurasa wa pili. Watu wanajua wasichana hawa walivyo. Tutamhamishia bohari, ataandika magunia. Majina yatarudi, kiti chako kitabaki, hakuna atakayekufa."

Mama Herufi akamtazama mumewe. Alingoja ule moto aliokuwa nao siku ile alipomwambia ofisa wa mkoloni, mbele ya askari wanne, kwamba wino ukishakauka haufutiki kwa rungu.

"Nitafikiri," Mhariri akasema.

Njiani Mama Herufi alitangulia hatua tatu mbele. Mumewe alijaribu habari ya jua, akajaribu habari ya mashimo barabarani, halafu akaacha. Kilichomtisha mkewe si kile kiti. Waliwahi kuishi bila kiti, na waliwahi kuishi bila chakula cha maana, wakacheka. Aliogopa kwamba mtu ambaye yeye alimsubiri miezi kumi na minne nje ya lango la gereza huenda amebadilishwa kidogo kidogo kwenye viti vile vya halmashauri, na yeye, aliyepumzisha macho, hakuona.

*

Alipofika nyumbani tu, Mama Herufi akapiga magoti akavuta kasha la mbao kutoka mvunguni. Ndani, kila herufi ya kuchapia, ya madini ya risasi, ilikuwa kwenye kijumba chake. Mtambo wenyewe ulichukuliwa na askari siku gazeti lilipofungwa, lakini herufi hawakuzipata. Alfajiri ile, makasha matano yalizikwa kwenye magunia ya mkaa ya mwanamke mmoja wa upande wa mfereji. Askari walimhoji, alijibu kwa matusi mengi kiasi kwamba waliona aibu kuendelea. Wiki sita baadaye akayarudisha, akasema, "Hesabuni. Sitaki kesho mniambie nimekula." Mama Herufi aliziosha herufi kwa mafuta ya taa siku tatu. Haikukosekana hata moja. Kwa herufi hizo gazeti lilitoka miaka miwili zaidi kwenye mtambo wa kuazima, na Shangazi hakutaka hata nakala. Aliuliza atafanyia nini karatasi isiyofunga kitu.

Mama Herufi akashika kibati cha kupangia mistari na kuanza kupanga majina. Vidole vilikuwa vimenenepa, lakini vilikumbuka. Alipanga juu chini, kila herufi kichwa chini, kama kazi ile inavyotaka, na kusoma juu chini, kama alivyosoma nusu ya maisha yake. Alikuwa amefika jina la tano Mhariri alipokuja kusimama nyuma ya bega lake.

"Umeacha nafasi juu," akasema.

"Ya sentensi ya kwanza. Hiyo si yangu. Sema, nipange."

Mhariri akaenda dirishani. Nje mtoto wa jirani alikuwa akipewa hesabu za kuzidisha na kuzikosea kwa sauti ya furaha. Mama Herufi hakumharakisha; akaendelea na jina la sita.

"Unakumbuka tulipoandika kwamba mchinja nyama amefariki?" Mhariri akauliza.

"Akaja mlangoni na kisu."

"Akaja na kisu, tukamkalisha, tukampa chai. Na Jumamosi iliyofuata tukaandika ukurasa wa kwanza, herufi zile zile kubwa tulizomzikia: mchinja nyama yu hai, kosa ni la gazeti." Akageuka. Macho yake yalikuwa na maji, na hakuyaficha. "Yule msichana wa taipu alichapa kila neno nililompa. Andika: *Masahihisho. Kosa ni la diwani wa kata, ambaye hakusoma barua ya watu wake hadi mwisho.*"

"Herufi ndogo au kubwa?"

"Kubwa, mke wangu. Tunazo?"

Mama Herufi akainama juu ya kasha ili mumewe asimwone akitabasamu. Hapo ndipo mwanamke huyu alipomshukuru Mungu wake, kimya kimya, mkono wa kulia umejaa risasi. Alimshukuru kwa ajili ya mume aliyechelewa lakini akafika.

Herufi *a* ziliwaishia kwenye jina la nane, kama zilivyowaishia kila Ijumaa ya ujana wao. Makasha yale yalitengenezwa na watu wa ng'ambo kwa lugha ya ng'ambo, wala hawakujua jinsi lugha yetu inavyozila *a* kwa pupa. Basi wakafanya walivyofanya zamani: wakachapa sehemu ya juu, wakabomoa mistari, wakapanga tena chini kwa *a* zile zile. Wino wa kopo ulikuwa umekauka nusu, wakaulainisha kwa mafuta ya taa. Mhariri alisukuma roli ya wino, Mama Herufi aliikandamiza karatasi kwa kiganja, na kufika magharibi walikuwa na nakala ishirini na tano na pua nyeusi mbili. Asubuhi ya Jumatano nakala moja ilikuwa ubaoni, kando ya orodha ile, ukubwa ule ule.

*

Alhamisi ukumbi ulifurika. Wanawake wa upande wa mfereji walikaa nyuma, Shangazi katikati yao, mikono kifuani. Mama Herufi alisita mlangoni. Hakuna aliyemwita, lakini muuza vitunguu alisogea kidogo, na kwenye benchi lile kidogo hicho kilikuwa kingi.

Mhariri alisimama bila karatasi.

"Mwenyekiti, barua ya soko ilikuwa na majina arobaini na matano. Mimi nilikata kumi na moja kwa mkono wangu, kwa sababu nilidhani mwisho wa barua ya mtu maskini ni salamu tu. Mpiga taipu hana kosa, katibu hana kosa. Naomba kikao kiyarudishe."

Diwani wa kata ya juu, aliyekuwa na waombaji wake wapya mfukoni, aliinuka haraka. "Mwenyekiti, tumesikia wenyewe. Mzee hasomi anachowasilisha! Je, tumwamini na hii ya leo? Labda na hii kakata mkia!"

Ukumbi ukacheka. Mhariri akangoja kicheko kiishe, kama mtu anayengoja gari lipite.

"Ndugu yangu ana haki ya kucheka. Nina jambo moja tu, nikae. Askari wa mkoloni walipokuja kuchukua herufi zetu, zilifichwa na mama mmoja asiyejua kusoma hata moja. Alizirudisha zote. Sisi tuliosoma tumepewa jina lake kwenye karatasi moja tu, tukalipoteza. Nimemaliza."

Hakusema ni mama gani. Lakini nyuma kule benchi zima liligeuka kumtazama Shangazi, na Shangazi, ambaye hakuwahi kukosa neno maishani mwake, akaangalia miguu yake.

Mikono ikahesabiwa. Kumi na mmoja kwa tisa, na majina yakarudi. Mpiga taipu aliyaandika kwenye kitabu cha kumbukumbu akiuma midomo, na alipomaliza akamwinamia Mhariri kidogo, mara moja tu.

Ya katibu nayo yalitimia. Mwezi uliofuata kamati ya uteuzi ikapitisha jina jingine. Habari zilimkuta Mhariri akinyoa ndevu.

"Wana haki," akasema kupitia povu. "Ningekuwa bado na gazeti ningewaandika hivyo hivyo. Labda kwa ukali zaidi."

"Na unga je?"

"Mwandishi wa barua wa sokoni ameanza kuzeeka. Ananitaka nimsaidie. Masharti yake ni kwamba nisifupishe."

Mama Herufi alicheka mpaka akakaa chini.

*

Siku ya kwanza ya soko jipya alikwenda na kikapu chake. Kibanda namba arobaini na tano kilikuwa pembeni kabisa, na tayari sakafu yake ya zege ilishakuwa nyeusi. Mvua nyepesi iligonga mabati. Shangazi alikuwa ameketi chini ya paa lake, mkavu, akiitazama mvua kama deni la zamani lililofutwa.

Kwenye nguzo ya mbele alikuwa amebandika ile karatasi ya masahihisho kwa ugali wa jana. Alikuwa ameibandika juu chini.

"Wananiambia jina langu limo humu," akasema. "Nionyeshe, mwanangu. Liko wapi?"

Mama Herufi hakuhitaji kuigeuza karatasi wala kupindisha shingo. Aliisoma kama alivyosoma maelfu ya kurasa. Jina lililokuwa mkia wa barua, la mwisho katika wale kumi na mmoja, lilikuwa sasa juu ya mengine yote. Akaweka kidole chake.

"Hili hapa, Shangazi. Juu kabisa."

"Juu kabisa?"

"Wewe ndiye wa kwanza."

Shangazi akaligusa kwa kidole chake cheusi, taratibu, akaacha alama pembeni yake. Akakohoa, akanyakua kikapu na kukijaza. Hakuongeza kipande hata kimoja juu.

"Haya, toa pesa. Umenenepa siku hizi, diwani wako kakaa nyumbani anakupikia? Na usiniletee noti kubwa, sina chenji. Mimi ni mwenye kibanda, sigawi bure."

Mama Herufi akalipa. Akasema asante, na alipofika mlango wa soko akarudi, akasema tena.